Kanda iko kwangu, amplifaya iko kwake

Juzi nilikuwa Mukono napiga kwenye harusi ya watu, niko chini nachomeka waya, fundi wa sauti, kijana tu wa kama miaka ishirini na mbili, akanisogelea akauliza kwa heshima kabisa, "Mzee, eti ni kweli wewe ndo uliwanyima wenzako kanda?" Nikamwambia ngoja kwanza nijaribu gitaa. Sikumjibu. Nimerudi na lile swali ndani ya taksi mpaka Bweyogerere, na foleni ya hapo mnaijua, nilikuwa na muda mrefu wa kulitafuna, nikaona hapana, bora niandike mwenyewe, manake stori inayotembea mjini ni kwamba mi ndo mchawi. Na kusema ukweli kuna mahali mi ndo mchawi kweli, ila si pale wanapopasema.

Majina sitaweka. Hata jina la bendi siliandiki kwa sababu lenyewe ni sehemu ya kesi.

Sisi ni watoto wa Walukuba, Jinja. Kwa wasiojua, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, viwanda vikafuata umeme, watu wakafuata viwanda, Wajaluo, Wasamia, Wanubi, Walugbara, Wagishu, Waganda, kila kabila lilitupwa pale kwenye vinyumba vya mstari. Nyumbani mnaongea chenu lakini ukitoka na jerikeni kwenda bombani ni Kiswahili, ukipigana ni Kiswahili, ukitongoza ni Kiswahili. Sasa na muziki ungekuwa lugha gani? Tulikuwa sita. Drams, besi, kinanda, mimi gitaa, na waimbaji wawili, mmoja wa kuongoza na mwingine wa sauti ya pili, ambaye sasa ni marehemu na ndo stori yote inamzunguka yeye, ingawa wakati ule tulikuwa tunamwona ni wa kujazia tu, Mungu atusamehe.

Gitaa lilikuwa moja tu kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi ya watu watatu, ridhimu, mi-solo (lile gitaa la kati, kati ya ridhimu na solo) na solo, nakimbia huku na huku kama kuku. Siku moja waya wa nne ukakatika na pesa ya waya hakuna, nilichobaki nacho ni waya wa kwanza wa akiba, ule mwembamba. Nikauweka hivyo hivyo mahali pa ule wa nne, nikaulegeza kidogo mpaka ukafika noti ya re, lakini re ya juu, si ile nzito ya kawaida. Kilichotoka hapo sijui niseme nini. Zile sauti zikawa zinagongana juu kama vijiko kwenye glasi. Nikakaa nayo barazani mpaka mama akapiga dirisha kwamba watu wanalala. Nilikuja kupiga Namuwongo mbele ya mzee mmoja Mkongo akacheka sana, akaniambia kijana, hicho unachojidai umevumbua kule kwetu ni kitu cha kawaida, watu wanafunga gitaa la mi-solo hivyo hivyo miaka na miaka. Basi, nilivumbua kitu kilichokuwepo. Lakini ile laini niliyoitengeneza usiku ule barazani ni yangu, hakuna Mkongo anayeidai, na ndo ile mnayoisikia mwanzo wa ule wimbo wa mama anayesubiri treni.

Huo wimbo maneno ni ya nani? Hapa ndo patamu. Stesheni ya Jinja treni ya abiria ilikuwa imeacha kuja, na mama wa huyu mwenzetu marehemu alikuwa anauza chai na mandazi pale stesheni, akawa bado anaenda kila asubuhi na birika lake, sijui mazoea au alikuwa anaamini itarudi. Marehemu akatusimulia tukiwa tunakula muhogo baada ya mazoezi, anasimulia huku anacheka, na yule mwimbaji wa kuongoza akachukua kalamu. Kwa hiyo kalamu ni ya mmoja, mama ni wa mwingine, gitaa ni langu. Niambieni nyie mtunzi ni nani.

Tumerekodi 1999 Kampala, usiku mbili, kwa sababu usiku studio ilikuwa bei nafuu. Mashine ilikuwa ADAT, wale wa umri wangu mnaikumbuka, inatumia kanda inayofanana kabisa na ya video, treki nane, kama dakika arobaini hivi. Nyimbo sita zikaenea kwa kubanwa, ndo maana ule wa mwisho unakatika ghafla, watu wanadhani ni ufundi, hapana, kanda iliisha. Treki nane ziligawanywa hivi: drams mbili, besi moja, kinanda moja, gitaa moja, sauti tatu. Ya saba ni ya marehemu peke yake. Ikumbukeni hiyo ya saba.

Redio hazikuichukua. FM za binafsi zilikuwa zimeanza mwisho wa 1993 na kila bendi ilikuwa inapanga mstari na kaseti mkononi. Mtu mmoja wa redio, simtaji, alisikiliza dakika moja akasema gitaa tamu, lakini hiki Kiswahili nani atakisikiliza, majambazi? Si kwamba alikuwa mbaya, ndo hali ilivyokuwa. Watu wa Kampala wa umri wa mama zetu Kiswahili walikisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, "toa kitambulisho, lala chini," sasa wewe unakuja kuwaimbia mapenzi kwa lugha ileile. Tukauza kaseti zetu wenyewe Jinja, Tororo, Busia, Malaba, huko mpakani ndo zilienda vizuri. Halafu vijana wakaja na CD moja mfukoni, mtu mmoja anapanda jukwaani anawekewa playback anaimba anashuka, mwenye baa akipiga hesabu ya kulisha watu sita na kumlipa mmoja, hesabu haina ubishi. Mwimbaji Chameleone naye akatoka Nairobi na Kiswahili chake mji mzima ukaimba, kwa hiyo kumbe shida haikuwa Kiswahili peke yake. Hiyo ilituuma kimyakimya.

Sasa dhambi yangu ya kwanza. 2002 nikapata kazi ya bendi ya hoteli Kigali, mshahara wa mwezi, chakula, chumba. Niliambiwa Alhamisi niripoti Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo tulikuwa na harusi Iganga, advansi laki tatu ilishaliwa. Niliondoka. Sikuaga vizuri, niliacha ujumbe kwa dada yangu. Wenzangu wakaenda Iganga bila gitaa wakapiga na kinanda, nasikia kufika wimbo wa tatu baba wa bibi harusi alienda mwenyewe akazima jenereta. Ile advansi ikabidi irudishwe, na aliyeirudisha ni wa kinanda, kutoka mfukoni mwake. Amplifaya yangu, Peavey, nzito kama jiwe la kusagia, ilikuwa kwake kwa sababu mazoezi tulikuwa tunafanyia kwao. Ikabaki huko. Mimi sikuidai, yeye hakuidai laki tatu. Miaka 22 hakuna aliyetaja. Mkiniuliza, ugomvi huu wote ulizaliwa siku ile Iganga, haya mengine ni matawi tu.

Marehemu alifariki 2009. Nilikuwa Juba wakati huo, nikakosa mazishi.

Basi Disemba 2024 wa drams akawa na kwanjula ya binti yake wa pili, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, akatualika wote. Besi siku hizi ni mchungaji, tumwite Pasta, ana kanisa la mabati na waumini wake. Kinanda ana duka la hadwea, saruji, mabati, misumari, ana magari mawili, huyo tumwite Bosi. Mwimbaji wa kuongoza yuko London kwenye kyeyo, vibarua vya ughaibuni, alikuwa amerudi likizo. Na mimi ndo huyu, harusi na hoteli. Tukakaa meza moja tumevaa kanzu, wazee watupu, wa drams amepungua kwa sukari, anatembea na kijimuhogo cha kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni. Mshereheshaji akatuchokoza, akatupa vyombo vya bendi iliyokuwepo pale. Tukapiga ule wa treni. Jamani. Vidole vyangu vilikumbuka lakini vyombo havikuwa vyetu, gitaa lina nyaya za kawaida, nikawa nalazimisha ile re ya juu kwa waya wa pili, naruka kama panzi. Hata hivyo wa drams alivyoingia tu na ile rimu yake nikageuka kumwangalia, naye ananiangalia, analia na anacheka na jasho. Watu wakatoka kwenye mahema yao wakacheza. Mtu akarekodi na simu, na ndani ya wiki mbili promota akapiga.

Promota alikuwa na akili, siwezi kumsema vibaya. Aliona kwamba Kiswahili sasa kina soko. Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba kiwe lazima shuleni, UNESCO imekipa siku yake 7 Julai, na Agosti 2025 mashindano ya soka ya CHAN yalikuwa yanakuja Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Akasema nyie ni Waganda mnaoimba Kiswahili tangu wakati watu wanakikimbia, hiyo ni stori tayari. Akataka konsati wikendi ya Siku ya Kiswahili, Jumamosi 5 Julai, na nyimbo zile sita zitoke upya mtandaoni. Kile ambacho kilitufungia mlango 1999 ndo kilikuwa kinatufungulia. Nilicheka peke yangu.

Grupu la WhatsApp likafunguliwa. Wiki mbili za kwanza ilikuwa raha tupu, picha za zamani, nywele zetu, suruali zile. Mazoezi tulikodi ukumbi Nsambya, elfu hamsini kila tukikutana, Bosi analipa na kuandika kwenye kidaftari. Hicho kidaftari sikukiona kama kitu. Mtu wa hadwea anaandika, kazi yake kuandika. Kumbe.

Vituko vilianza na Pasta. Yeye alisema atapiga lakini si baa, na alitaka kwenye wimbo wa tatu pale panaposema "mpenzi" tuseme "Mwokozi". Tukamwambia Pasta, ubeti unaofuata unasema nimekukuta umelala na jirani, sasa Mwokozi atalala vipi na jirani? Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, hata yeye. Tukakubaliana wimbo huo atanyamaza sehemu hiyo, apige besi tu. Huo ndo ugomvi wa kawaida wa bendi, unaisha kwa soda.

Uliokuja baadaye haukuwa na kicheko. Mwezi wa nne Bosi akaleta karatasi, imepigwa chapa, ina mhuri wa wakili. Nimeisoma nimesimama mlangoni pa ukumbi. Kwanza jina la bendi ni lake, amelisajili. Pili asilimia 40 ya kila kinachoingia ni ya "menejimenti", na menejimenti ni yeye. Tatu orodha ya wanabendi: kinanda, sauti, besi, drams. Chini kabisa, mstari wa peke yake, jina langu, na mbele yake "gitaa, mwanamuziki mwalikwa, malipo kwa shoo".

Mwalikwa.

Nimuulize nini sasa? Nikamuuliza hivyohivyo, "Kaka, mi mgeni?" Akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti ya kumwambia mteja saruji imepanda, "Ndugu yangu, uliondoka 2002. Sisi tuliendelea mpaka 2004." Wa drams akaangalia viatu vyake. Pasta akasema tuombe. Tukaomba, wallahi, tumeshikana mikono, mi machozi yananilenga na si ya Roho Mtakatifu.

Na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Niliondoka. Nimeandika hapa juu, sijaficha. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu, na si kwa karatasi yenye mhuri miezi mitatu baada ya kukaa naye mnapanga sebene ianzie wapi. Angenikalia chini akaniambia "ulituaibisha Iganga, nililipa laki tatu mimi", ningepiga magoti, ningelipa na riba. Hakusema. Akaandika.

Mimi nami nikafanya changu. Nilikuwa na kitu wao hawana. Ile kanda ya ADAT. 1999 baada ya kurekodi mi ndo niliibeba kwa sababu begi langu la gitaa lilikuwa na mfuko, hakuna sababu nyingine. Imekaa kwa dada yangu Walukuba kwenye bati la biskuti miaka yote, na aliwahi karibu kumpa mtu arekodie harusi juu yake akidhani ni ya video. Bosi alikuwa anaihitaji kwa ajili ya treki ya saba. Mpango wao ulikuwa tupige vyombo upya, lakini sauti ya marehemu itolewe kwenye kanda iwekwe juu, watu wamsikie. Wazo zuri, siwezi kusema uongo, nilipolisikia mara ya kwanza nywele zilinisimama.

Nikaandika kwenye grupu saa tano ya usiku, kosa la kwanza, msiandike kitu saa tano ya usiku. Nikasema kanda haitoki mpaka mambo mawili: niandikwe mtunzi wa ule wimbo pamoja na wengine, na mjane wa marehemu apewe fungu sawa na sisi. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, alishanieleza kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya 2006 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kwamba kazi inalindwa hata kama hujaisajili. Nikayabandika yote hayo. Nikamalizia, "Marehemu hawezi kuongea, mimi nitamwongelea."

Tiki za buluu nne. Kimya. Asubuhi wa London akatuma voisi ya dakika saba, yaani mtu yuko kwenye basi anaenda kazini anafoka kwa Kiswahili, Wazungu wanamwangalia, anasema mi natumia maiti kuombea pesa. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Wa drams akatuma emoji ya mikono ya kusali. Bosi hakuandika kitu. Alinipigia jioni, akasema, "Mjane tungempa. Hukuwa na haja ya kumtaja. Wewe unajitaka wewe." Nikakata simu.

Nimekaa na hilo neno mwezi mzima, "unajitaka wewe". Mwisho nikasema hapana, wacha niende kwa mjane mwenyewe nimsikie, angalau nipate mtu wa kuniambia niko sawa.

Jinja siku hizi unaingia na lile daraja jipya la 2018, la nyaya, refu zuri, mi nikiliona huwa nahesabu zile nyaya kama gitaa la Mungu. Nikashuka nikachukua boda mpaka Walukuba, nikapitia kwa dada kuchukua kanda, sijui kwa nini niliichukua, labda nilitaka shemeji aione. Anakaa nyumba ileile. Alinipokea vizuri, akaniwekea chai, akaniuliza habari za Kampala, za watoto, za mgongo wangu. Nikamweleza kesi yote, fungu, asilimia, sheria, mtunzi, naeleza kama wakili. Yeye anasikiliza anachambua mchele kwenye ungo. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, nani alikutuma?"

Nikasema hakuna, mi nilikuwa nakutetea.

"Umenitetea tangu mwezi wa nne. Leo ni wa sita. Ulikuwa na namba yangu."

Sikuwa na jibu. Kweli nilikuwa nayo. Sikumpigia hata mara moja, manake nilijua ndani yangu kwamba nikimpigia anaweza kusema jambo lingine, na mi nilikuwa nimeshamweka mbele kama ngao. Halafu akaniambia Bosi ndo alilipa ada ya kijana wake miaka miwili ya sekondari. Hakutangaza, hakuandika kwenye kidaftari, au labda aliandika, sijui. Mi nilikuwa Juba.

Akaniuliza ndani ya hiyo kanda kuna nini. Nikamwambia kuna mume wako, peke yake, ukizima wengine wote. Akaacha mchele. Kijana alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki, hajui sauti yake. Kaseti waliyokuwa nayo ililiwa na redio zamani, na hata ikiwepo, akasema, mle ndani amefunikwa na yule wa kuongoza. Hakutaka fungu, hakusema hataki pia, alisema pesa ikija haikataliwi. Alichotaka ni hiyo treki ya saba.

Kupata mashine ya ADAT inayofanya kazi Kampala si mchezo. Nimezunguka siku nne. Nimeipata kwa mzee mmoja fundi, iko chini ya meza imefunikwa na gunia, akaniambia kichwa chake kichafu, kanda yenyewe ya zamani, inaweza kukwama, unakubali? Nikakubali. Akasafisha kichwa kwa spiriti na kitambaa, polepole, kama anamwogesha mtoto. Ikazunguka. Akazima treki moja moja, drams zikaondoka, besi, kinanda, gitaa langu likaondoka, na ile chumba ikabaki na mtu mmoja anaimba sauti ya pili, yaani anaimba sehemu zake tu, ananyamaza, unamsikia anavuta pumzi anasubiri zamu yake, na pale katikati ambapo hana kitu cha kuimba anapiga ulimi kidogo kufuata ile laini yangu ya gitaa. Kwenye kaseti hukuwahi kusikia hiyo. Mimi mwenyewe sikuwahi kujua kwamba alikuwa anaifuata.

Nikatoa flashi mbili. Moja nikampelekea shemeji. Nyingine ningempelekea Bosi, hiyo ndo ilikuwa nia, naapa, niliiweka kwenye bahasha nikaandika jina lake. Nikafika mpaka dukani kwake, nikamwona nikiwa bado juu ya boda, anapimia mtu nondo, na nyuma yake kule stoo, kati ya mifuko ya saruji, nikaiona Peavey yangu. Juu yake ameweka redio na sufuria ya chai. Sikushuka. Sijui ni hasira au aibu, kwa umri wangu vinafanana. Nikamwambia wa boda geuza.

Konsati ikafanyika 5 Julai bila mimi. Nasikia ukumbi ulijaa vizuri. Niliiangalia kwenye simu, mtu alikuwa anarusha moja kwa moja, picha inakatakata. Kijana mmoja alipiga laini yangu kwa kibodi. Alijitahidi, noti zote zipo, ila alikuwa anaipiga nyoofu, haina ule mgongano wa juu, na nilijikuta nimekaa kitandani namfokea kwenye simu "legeza, legeza waya," mke wangu akaja kuuliza naongea na nani. Kwenye ule wa treni wakaweka picha ya marehemu kwenye skrini, kimya kidogo, wa London akaimba zote mbili, yake na ya pili. Alilia jukwaani. Nilimwamini. Hapohapo nilikuwa namkasirikia.

Baada ya wiki moja shemeji alipokea mobail mani kutoka kwa Bosi, kiasi alinitajia, ni fungu kamili la mwanabendi. Kwa hiyo alikuwa hadanganyi aliposema tungempa. Mimi sikupata kitu na sikudai, mwalikwa ambaye hakuenda halipwi.

Watu wananiambia mbona bendi ya Afrigo wameanza 1975 na wamefika miaka 50 Mzee Moses Matovu bado anapuliza saksafoni. Nawajibu sijui, kawaulizeni wao, labda wao walikuwa wanagombana mchana.

Wa drams alinipigia mwezi uliopita, mguu umefungwa bandeji, sukari. Nilienda kumwona na ndizi na mkate wa ngano nzima. Hatukuzungumza bendi hata kidogo, mpaka natoka akasema, "Yule mtu anakuuliza kila siku." Nikamuuliza ananiuliza mimi au anauliza kanda. Akacheka akashika mguu.

Kwenye grupu bado nimo, hakuna aliyenitoa na mi sijatoka. Ujumbe wa mwisho ni wa Pasta, mstari wa Zaburi, tarehe 6 Julai. Bahasha iko kwenye droo yangu, jina lake juu. Na Peavey iko kwake, na kama mtu wa Jinja au Kampala ananisoma na atapita pale dukani kununua misumari, amwambie basi angalau aitoe ile sufuria, mvuke unaingia kwenye spika.